Nimelipa milioni 52.8 kwa miaka mitano, deni limepungua milioni 2.8. Nihamishe mkopo wa nyumba au nibaki?

#1 Kisima_cha_Ilazo

Wakuu, mbukwenyi.

Nimekuja na aibu yangu, mnicheke kidogo halafu mnisaidie.

Nilihamia Dodoma na wizara 2018. Nikapanga Nkuhungu miaka miwili, upepo wa Septemba ukituletea vumbi mpaka ndani ya sufuria. Septemba 2020 nikapata nyumba ya vyumba vitatu Ilazo, milioni 72. Nilikuwa na 12 zangu, benki ikanipa 60 kwa miaka 20, riba asilimia 17, ile ya salio linalopungua, yaani inayohesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Marejesho ni shilingi 880,080 kwa mwezi. Namba hiyo naikumbuka kuliko tarehe ya ndoa yangu, na sijawahi kuchelewa hata mara moja.

Ijumaa nimepita tawini kuomba taarifa ya mkopo. Kichwani nilikuwa na hesabu zangu za mtaani: robo ya muda imekwisha, kwa hiyo robo ya deni nayo imekwisha, litakuwa limebaki kama milioni 45. Binti wa dirishani akachapa kurasa, akaishika ya mwisho, akazungushia kalamu salio: 57,185,000. Nikamwambia dada yangu, hii umenipa ya mtu mwingine. Hakubishana. Akageuza karatasi, akaweka kidole kwenye jina langu.

Sasa kuna benki nyingine, maofisa wake wanapita sana maofisini kule Mtumba, wanasema watalinunua deni langu kwa riba ya asilimia 15. Wamenipa njia mbili: miaka 15 kwa 800,000 na ushee kwa mwezi, au miaka 20 kwa 753,000. Mama watoto ameipenda hiyo ya 753,000. Mimi nimeshaumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nastuka.

Nifanyeje?

#2 Boma_la_Nala

Pole sana mkuu. Ndiyo maana sisi wengine tunajenga mdogo mdogo. Tofali halina riba.

#3 Kisima_cha_Ilazo

@Boma_la_Nala na umeshahamia?

#4 Boma_la_Nala

Limepauliwa. Madirisha bado. Mwaka wa saba huu. Lakini halidaiwi na mtu!

#5 Kalamu_Nyekundu

Nimekaa dawati la mikopo miaka tisa kabla ya kuacha na kwenda kulima zabibu, kwa hiyo naomba niseme kidogo.

Kisima, hujaibiwa. Chukua kalamu. Asilimia 17 kwa mwaka, gawa kwa 12, zidisha kwa milioni 60: riba ya mwezi wa kwanza ni 850,000. Wewe ulilipa 880,080. Iliyogusa deni lenyewe ni 30,080 tu. Mwezi wa pili riba ikahesabiwa kwenye 59,969,920. Unajua ilishuka kwa kiasi gani? Shilingi 426. Hainunui hata chapati.

Hivyo ndivyo mkopo mrefu wa riba kubwa unavyotembea. Miaka ya mwanzo unalipa kodi ya pesa, deni lenyewe linasubiri. Kasi inakuja mwishoni, wakati umeshachoka. Jedwali la marejesho linalobandikwa nyuma ya mkataba linaonyesha haya mstari kwa mstari, miezi yote 240, lakini katika miaka tisa nimeona wateja labda watatu walioligeuza na kulisoma. Wengine wote walikuwa wanauliza kitu kimoja: hela inaingia lini?

Na angalia muda unavyofanya kazi. Milioni 60 zilezile, riba ileile ya 17, kama ungechukua miaka 15 badala ya 20, rejesho lingekuwa kama 923,400. Yaani nyongeza ya elfu 43 kwa mwezi. Lakini jumla ya utakacholipa ingeshuka kutoka milioni 211 mpaka 166. Elfu 43 za kila mwezi zinaokoa milioni 45. Watu wanabishana na benki juu ya nusu asilimia ya riba, kwenye muda wanasema "weka mrefu tu, nipumue".

Boma, na wewe usicheke sana. Umepanga kwa shilingi ngapi?

#6 Boma_la_Nala

250,000 Chang'ombe.

#7 Kalamu_Nyekundu

Miaka saba kwa 250,000 ni milioni 21. Hizo ndizo riba zako, ila wewe unamlipa mwenye nyumba. Sisemi umekosea, kila mtu na bega lake. Nasema tofali nalo lina riba, haiandikwi mahali.

#8 Dada_wa_Kisasa

Samahani naomba kuuliza, mimi nimeambiwa sehemu kwamba watanipa kwa asilimia 10 tu, "ya flati", milioni 60 miaka mitano. Si bora kuliko hiyo 17 ya Kisima?

#9 Kalamu_Nyekundu

Dada, hapo ndipo wengi wanapoanguka. Riba ya flati inahesabiwa kwenye milioni 60 zote mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Asilimia 10 kwa miaka mitano ni milioni 30 za riba. Jumla milioni 90, gawa kwa miezi 60, milioni moja na nusu kwa mwezi. Ukiigeuza hiyo iwe riba ya salio linalopungua unapata kama asilimia 17.3. Yaani ni mkopo wa Kisima umevaa kanzu nyingine.

Ukiambiwa riba na mtu yeyote, swali la kwanza: ya flati au ya salio linalopungua? Swali la pili: jumla nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho ni shilingi ngapi, pamoja na ada na bima? Kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ikuwekee gharama wazi kabla hujasaini. Usione haya kudai iandikwe.

#10 Mpogolo_wa_Mjini

Mimi kinachonikera ni kimoja. Julai 2025 Benki Kuu imeshusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Kisima analipa 17. Hizo asilimia 11 za katikati zinakwenda wapi?

#11 Mhasibu_Mstaafu

Kijana, hiyo ya Benki Kuu siyo riba ya wewe kukopea. Tangu Januari 2024, ilipoanza kwa asilimia 5.5, ni kiwango cha kuelekezea riba ambazo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku chache. Wewe unataka hela ya miaka 20. Benki inakupa miaka 20 kutoka kwenye amana za watu ambao kesho asubuhi wanaweza kuja kuzichukua kulipa ada za shule. Na hela hiyohiyo ingeweza kuikopesha serikali kwa hatifungani za muda mrefu, usingizi wake ukawa mzuri kuliko kukukopesha wewe. Ongeza wasioweza kulipa, ongeza faida yake, unafika huko. Ripoti za Benki Kuu za soko la mikopo ya nyumba kwa miaka kadhaa zimekuwa zikitaja riba kati ya asilimia 15 na 19. Kwa hiyo Kisima alikuwa katikati ya soko, hakupigwa.

Ila asome mkataba wake: riba imefungwa au inabadilika? Kama inabadilika, inafuata kigezo gani? Mikataba mingi imeandikwa kwamba benki "inaweza" kuibadilisha kwa taarifa. Kupanda huwa wanakumbuka haraka. Kushuka unawakumbusha wewe.

#12 Mpogolo_wa_Mjini

Na ile kampuni ya TMRC? Si ndiyo kazi yake, kurekebisha mikopo ya nyumba ili tupate unafuu? Kisima aende pale.

#13 Mhasibu_Mstaafu

Akienda atapewa maji ya kunywa na kuelekezwa mlango. TMRC ilianzishwa 2010 ili iyakopeshe mabenki, siyo mimi na wewe. Benki ikishakukopesha miaka 20, TMRC inaipa benki fedha za muda mrefu dhidi ya mikopo hiyo, isiishiwe pumzi. Yenyewe inatafuta fedha kwa kuuza hatifungani. Faida yake kwako inapita kwa mzunguko: mabenki yamepata ujasiri wa kukopesha muda mrefu. Kabla ya hapo mkopo wa nyumba wa miaka 20 ulikuwa hadithi. Lakini kuhamisha deni lako wewe ni mapatano yako na benki mbili, basi.

#14 Kalamu_Nyekundu

Turudi kwa Kisima kabla uzi haujapotea.

Umebakiza 57,185,000 na miezi 180. Ukibaki hapo ulipo utalipa milioni 158.4 mpaka mwisho.

Njia ya kwanza ya hao wa Mtumba, asilimia 15 kwa miaka 15: rejesho kama 800,350. Jumla milioni 144. Umeokoa kama 14.3, kabla ya gharama.

Njia ya pili, ile ya shemeji yetu, 753,000 kwa miaka 20: jumla milioni 180.7. Umeshusha riba kwa asilimia mbili nzima na bado unalipa milioni 22 ZAIDI kuliko ungebaki kwenye 17. Soma tena sentensi hiyo. Umerudisha saa mwanzo, umejirudisha kwenye ile miezi ya chapati.

Sasa gharama. Kuhama siyo kubeba godoro. Benki ya zamani inaweza kukutoza kwa kumaliza deni mapema, angalia mkataba wako ni asilimia ngapi. Benki mpya ina ada ya kuandaa mkopo. Inataka mthamini wake, hata kama nyumba ilithaminiwa juzi. Mwanasheria. Kufuta rehani ya zamani kwa Msajili wa Hati na kusajili mpya. Bima ya maisha ya mkopo inaanza upya, na wewe sasa una miaka mitano zaidi mwilini. Tuseme yote yanafika milioni 3. Unaokoa elfu 79 na ushee kwa mwezi. Milioni 3 hizo utazirudisha baada ya miezi 38. Kama una mpango wa kuuza nyumba au kuhamishiwa mkoa mwingine kabla ya hapo, tulia.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo afisa mikopo hakutajii kwa sababu hujamwuliza. Hamia asilimia 15, halafu ENDELEA KULIPA 880,080 uliyoizoea. Mfuko wako hautahisi kitu. Deni litakwisha kwa miezi 135 badala ya 180. Karibu milioni 40 zinabaki kwako, toa hizo 3 za gharama.

#15 Kisima_cha_Ilazo

Mkuu nimeisoma mara tatu. Nimempa na mama watoto asome. Ameniuliza kwa nini hukumwoa wewe.

#16 Boma_la_Nala

😂😂 Hata mimi nimeanza kuelewa.

#17 Mama_Njedengwa

Na kama hataki usumbufu wa kuhama? Mimi nilikuwa nalipa zaidi kila mwezi, benki ileile.

#18 Kalamu_Nyekundu

Dada umegusa penyewe. Kisima akibaki kwenye 17 na kuongeza laki moja kila mwezi, anamaliza kwa miezi 125. Laki moja inafuta miezi 55. Kwa riba hizi zetu kubwa, kila shilingi ya ziada inayogusa deni mapema ina nguvu kuliko kupunguziwa asilimia moja au mbili.

Masharti mawili. Uandike barua kwamba ziada inakwenda kupunguza deni lenyewe. Usipoandika wanaweza kuiweka kama rejesho la mwezi ujao, riba ikabaki palepale. La pili ni kwa watumishi wa umma: makato ya mshahara lazima yakuachie theluthi, kwa hiyo hiyo laki huenda isiingie kwenye makato ya mwajiri. Ilipe mwenyewe.

#19 Mama_Njedengwa

Hilo la barua ni kweli tupu. Mimi hawakunielewa miezi minne. Nilikuwa nalipa ziada, wao wanaihifadhi kwenye akaunti kama embe la kuivisha. Nilipokwenda kulalamika ndipo afisa ananiambia "mama, hukuandika". Nilichapisha barua kwa shilingi 500 pale stendi, wakaipiga muhuri, nakala yangu ninayo mpaka leo kwenye mfuko mmoja na vyeti vya watoto.

#20 Babu_Area_C

Vijana, ongezeni na hili. Nyumba yangu ina hati ya enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa ikigawa ardhi hapa Dodoma, ya miaka 33. Nilitaka kuhamisha mkopo kama Kisima, benki mpya ikafungua hati, ikahesabu miaka iliyobaki, ikaona mkopo utaishi kuliko hati. Wakanirudishia faili. CDA ilivunjwa Mei 2017 na agizo likawa hati ziwe za miaka 99, lakini karatasi yangu mimi ilikuwa bado inasema 33, na benki inakopesha karatasi, haikopeshi agizo. Nikaanza kuhangaikia hati mpya, na kodi ya pango la ardhi niliyokuwa nimeisahau nikailipa yote kwanza. Wenye hati za zamani angalieni kabla hamjalipa mthamini, maana hela yake hairudi.

#21 Dada_wa_Kisasa

Na mke wa Kisima lazima asaini?

#22 Mhasibu_Mstaafu

Lazima. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 114. Ukihama benki ni rehani mpya, kwa hiyo ridhaa mpya. Ile ya 2020 imekufa na rehani yake.

Na benki mpya haimwagi hela hovyo. Inataka kwanza ahadi ya maandishi kutoka benki ya zamani kwamba ikishalipwa itaachia hati. Hapo katikati ndipo faili linapolala. Riba ya zamani inaendelea kutembea wakati mabenki mawili yanaandikiana barua, kwa hiyo salio la kufunga deni uombe lenye tarehe, na uulize kila siku inayopita inaongeza shilingi ngapi.

#23 Abuu_Swaswa

Asalaam aleykum. Wengine riba hatuigusi kabisa. Kuna benki za Kiislamu na mabenki ya kawaida yenye dirisha la Kiislamu. Kwa murabaha benki inanunua nyumba na kukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, unalipa kidogo kidogo.

#24 Kalamu_Nyekundu

Waaleykum salaam sheikh. Nakubali, na bei haibadiliki, hilo ni jema lake. Ila mwenye kwenda huko aulize mapema: nikimaliza kabla ya muda, kuna punguzo? Kwa sababu ile ni bei ya kununulia, siyo riba inayoshuka na salio. Punguzo likitolewa ni kwa hiari ya muuzaji.

#25 Abuu_Swaswa

Sahihi kabisa. Mimi niliuliza, nikaandikiwa.

#26 Mpogolo_wa_Mjini

Kisima una miaka mingapi? Isije ikawa tunakuhesabia miaka 20 na unastaafu kesho.

#27 Kisima_cha_Ilazo

38. Ile ya miaka 20 ningemaliza na 58, miwili kabla ya kustaafu kwa lazima. Kwa kweli nikilifikiria hilo nasikia baridi.

Kabla sijasaini huko Mtumba nataka nijaribu kitu kimoja. Kalamu, hiyo barua ya asilimia 15 naweza kuipeleka kwa benki yangu?

#28 Kalamu_Nyekundu

Ipeleke. Usiende dirishani, omba kuonana na meneja wa mikopo. Usigombe, usitaje shida za nyumbani. Weka mambo matatu mezani: barua ya ofa yenye nembo, taarifa yako ya miezi 60 isiyo na ucheleweshaji hata mmoja, na ombi la salio la kufunga deni. Hilo la tatu ndilo linalowaamsha, maana mteja anayeuliza salio la kufunga ameshafungasha. Mteja wa miezi 60 safi ni dhahabu, na kumpata mwingine kunawagharimu.

Wakishusha hata kwa 15.5, chukua, maana unakwepa mthamini, msajili na ada mpya.

#29 Kisima_cha_Ilazo *(wiki sita baadaye)*

Wakuu, mrejesho.

Nilikwenda. Meneja alisoma barua ya wale wengine taratibu, akauliza kama nimeshasaini. Nikasema bado, naomba tu salio la kufunga. Akaniambia nimpe siku kumi. Zikawa kumi na nane, nikapiga simu mara mbili. Wakarudi na asilimia 15.5, mkataba wa nyongeza wa kurasa tatu, ada 350,000. Niliomba washushe mpaka 15, wakakataa.

Mhasibu alituonya juu ya ridhaa, kwa hiyo nilimchukua mama watoto kutoka kazini kwake tukasaini wote. Pale kwenye kipengele cha rejesho jipya afisa alikuwa ameshaandika kiasi kidogo zaidi. Nikamwambia hapana, libaki 880,080. Akanitazama kama hajasikia. Akasema kila mtu anakuja hapa kuomba lipungue. Mama watoto ndiye aliyemjibu: "Andika tu kaka, tumeshapigiwa hesabu."

Miezi 142 imebaki badala ya 179. Nitakuwa na miaka 50.

Taarifa ya mwezi wa kwanza wa riba mpya imetoka jana. Riba 737,736. Deni lenyewe 142,344. Mwaka 2020 hapo kwenye deni palikuwa na 30,080.

#30 Boma_la_Nala

Hongera mkuu. Kalamu, nina swali, nije huku au inbox? Ni kuhusu madirisha.

#31 Kalamu_Nyekundu

Njoo hukuhuku. Hati unayo, au bado una barua ya ofa ya kiwanja tu?